Kalori kwenye ubao wa mama lishe

Banda lile la chakula liko kando ya barabara ya Tindiga, wilayani Kilosa, mahali ambapo bodaboda wanaotoka mjini huegesha wakisubiri abiria wa kurudi nao. Kwenye nguzo ya mbele umetundikwa ubao mweusi. Kila asubuhi mama mwenye banda huufuta kwa kitambaa kibichi, kisha huandika kwa chaki vyakula vya siku hiyo na bei zake. Wateja wake wengi hawahitaji kuusoma. Wanajua siku ya gulio kuna wali nyama na siku nyingine kuna maharage. Ubao upo kwa ajili ya wageni, na kwa sababu mama anapenda banda lake lionekane la mtu anayeijua kazi yake.

Asubuhi moja ya Machi 2025, msimu wa palizi, wateja waliukuta ubao umeongezwa safu ya tatu. Baada ya jina la chakula na bei, palikuwa na namba nyingine iliyozungushiwa duara. Wali maharage 800. Ugali dagaa 900. Chipsi mayai 1,000. Chapati moja 300. Soda 140.

Kibarua mmoja wa mashamba ya mpunga alisimama mbele ya ubao, jembe begani, akausoma mara mbili.

"Mama, wali maharage umeshuka mpaka mia nane?"

"Bei ni elfu mbili, mwanangu. Hiyo nyingine muulize dada yako."

Dada mwenyewe alikuwa nyuma ya banda akiosha sahani. Akatoka akijifuta mikono kwenye kanga, akaeleza kwamba mia nane ni kalori, yaani kipimo cha nguvu ambayo mwili unaipata kwenye sahani nzima. Kibarua alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akauliza ni chakula gani chenye nyingi kuliko vyote.

"Chipsi mayai. Elfu moja."

"Basi nipe hiyo."

Mama alicheka mpaka akaweka upawa chini. Binti hakucheka. Hakuwa ameandika namba zile ili watu wachague kubwa.

Alichokiona Riyadh

Alikuwa na wiki tatu tu tangu arudi. Miaka miwili alikuwa Riyadh, Saudi Arabia, akifanya kazi za ndani na kulea watoto wawili wa nyumba hiyo. Mara moja moja jioni familia ile ilikwenda kula nje, naye alikwenda ili kuwashika watoto. Huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza orodha ya vyakula yenye namba mbili kwa kila chakula. Mwanzoni alidhani ni namba ya kuagizia, kama ilivyo kwenye baadhi ya hoteli za Dar es Salaam. Mtoto mkubwa ndiye aliyemweleza: namba ya kwanza ni bei, ya pili ni kalori.

Saudi Arabia iliwataka wenye migahawa waandike namba hizo kuanzia 2019. Haikuwa ya kwanza. Jiji la New York lilianza mwaka 2008, kisha sheria ya afya ya Marekani ya 2010 ikaliweka jambo hilo kwa nchi nzima, ingawa utekelezaji ulichelewa mpaka Mei 2018 na uliigusa tu migahawa yenye matawi 20 au zaidi. Uingereza ilifuata Aprili 2022 kwa biashara za chakula zenye wafanyakazi 250 na kuendelea. Hoja kote ilikuwa moja: watu wanakula nje kuliko zamani, unene na kisukari vinaongezeka, na anayekula ana haki ya kujua kilichomo.

Binti hakuzijua sheria hizo. Alichojua ni kwamba mwenye nyumba wake alikuwa akipitisha kidole kwenye namba, anasita, halafu anabadilisha mawazo. Jambo hilo lilimkaa kichwani.

Likamkaa zaidi siku alipopokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yake. Baada ya salamu ndefu na habari za mvua, mama alisema kwa sauti ya chini, "Baba yako wamempima, wamemkuta na sukari." Ukiwa mbali, habari kama hiyo haina pa kuiweka. Binti alituma pesa ya dawa. Usiku, watoto wakilala, alisoma kwenye simu. Alisoma kwamba gramu moja ya wanga ina kalori nne, ya protini nne, ya mafuta tisa. Alisoma kwamba mtu mzima hukadiriwa kuhitaji kalori 2,000 kwa siku. Akaikariri namba hiyo kama anavyokariri mtu namba ya simu ya nyumbani.

Aliposhuka stesheni ya Kilosa kwa treni ya umeme na kufika nyumbani kwa bodaboda, alimkuta baba yake amepungua. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba. Jioni ile ile akamwona baba anakula bonge la ugali kama zamani, kwa mlenda na dagaa. Macho yake yakakaa kwenye ugali. Suruali aliiona pia, lakini hakuiwekea maana.

Sahani ishirini na tano

Kupata namba za kuandika ubaoni haikuwa kazi ndogo. Programu aliyokuwa nayo kwenye simu ilijua kila aina ya baga, lakini ukiiandikia mlenda ilikaa kimya. Akalazimika kumuuliza mama.

"Sufuria kubwa la wali unaweka mchele kiasi gani?"

"Kilo nne."

"Mafuta?"

"Robo lita."

"Unatoa sahani ngapi?"

"Ishirini na tano. Nikitoa ishirini na nne, kuna mtu kapendelewa. Nikitoa ishirini na sita, kuna mtu kapunjwa, na kesho hatakuja."

Mama hakuwahi kusikia neno kalori, lakini nusu ya hesabu alikuwa nayo tayari mkononi, kwenye upawa. Nusu nyingine ilikuwa kwenye simu. Kilo moja ya mchele ina kalori kama 3,600, hivyo kilo nne ni 14,400. Robo lita ya mafuta ni kama 2,000. Ukigawa kwa sahani 25 unapata 650 na ushee. Ongeza upawa wa maharage yaliyoungwa, kama 150. Ndiyo mia nane ile.

Kwa kweli hesabu kama hizo zilishafanywa nchini muda mrefu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na wenzao wa Harvard, walitoa kitabu cha majedwali ya virutubisho vilivyomo kwenye vyakula vya Tanzania, na ugali, wali na maharage vimo. Taasisi hiyo yenyewe ipo tangu 1973. Kwa upande wa sheria, vyakula vilivyofungashwa ndivyo vinavyobanwa na masharti ya lebo. Shirika la Viwango Tanzania lilichukua usimamizi wa chakula mwaka 2019. Pakiti ya biskuti dukani ina maandishi nyuma yake. Sahani ya mama lishe haina nyuma. Ina mama mwenyewe tu.

Mama hakuufurahia ubao ule, ila hakusema siku ya kwanza. Siku ya tatu, wakiwa wanachambua mchele, likamtoka.

"Mwanangu, umeandika kama dhambi za chakula changu."

"Si dhambi, Mama. Ni taarifa."

"Miaka yote watu wanakula hapa wanasema asante. Sasa wanakula huku wanasoma."

Na walichosoma hakikuwabadilisha kama binti alivyotarajia. Vibarua walizidi kuchagua namba kubwa. Kwa mtu atakayeshinda kwenye jua ameinama na jembe, elfu mbili inayonunua 900 ni bora kuliko elfu mbili inayonunua 800. Ukifikiri vizuri, wao ndio walioutumia ubao kwa akili. Saa moja ya kulima kwa jembe hula kalori zipatazo 300. Waliisoma namba kama wanavyosoma uzito wa gunia.

Hata kwenye nchi zilizotunga sheria, namba peke yake imefanya kazi ndogo kuliko kelele zake. Januari 2025 wataalamu wa Cochrane walikusanya matokeo ya tafiti 25 na kukuta kwamba namba za kalori hupunguza kile watu wanachochagua kwa asilimia 1.8 hivi. Kwenye mlo wa kalori 600, hiyo ni kalori 11, sawa na punje mbili za karanga. Si bure kabisa, kwa sababu punje mbili kila siku kwa mamilioni ya watu ni kitu. Ila si mapinduzi.

Aliyetuma pesa

Nyumbani mambo yalikwenda tofauti na bandani, kwa sababu nyumbani binti alikuwa na nguvu ambayo hakuwa nayo kwa wateja. Bati la nyumba lilikuwa limetokana na pesa zake. Ada ya mdogo wake, pesa zake. Dawa za baba, pesa zake. Mtoto anayetuma pesa akirudi anarudi na sauti, hata kama mwenyewe hakuiomba. Wazazi wanamsikiliza kabla hajamaliza kusema, na wakati mwingine hawamwambii anapokosea.

Alianza na chai. Sukari ikaondolewa. Hilo lilikuwa jema, maana baba alikuwa akiweka vijiko vinne vilivyojaa. Kisha akaja kwenye kifungua kinywa. Kabla ya hapo, asubuhi za shamba, baba alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha au kiporo cha ugali na chai. Binti akaweka yai moja la kuchemsha na mchicha. Mchana, ugali wa ngumi moja ya mtoto. Usiku, nusu ya huo. Kwenye daftari alijumlisha: siku ya kwanza 1,300, siku ya pili 1,150. Alijivunia kushuka kwa namba.

Baba alikula alichopewa. Mzee aliyelima mpunga kwenye bonde la Tindiga maisha yake yote, akapitia mafuriko na kuanza upya, hakuwa mtu wa kulalamikia chakula mbele ya mtoto wake. Mara moja tu alimwambia mkewe usiku, "Huyu mama ananipenda sana, mpaka nasikia njaa." Mama alilicheka neno hilo, akalala nalo, na hakumwambia binti.

Siku ya tano baba alimeza dawa zake alfajiri kama alivyoelekezwa hospitali, akala yai na mchicha, akachukua jembe akaenda shamba. Majaruba yalikuwa yamejaa maji na magugu yalikuwa hayasubiri.

Karibu saa nne vibarua wa shamba la jirani walimwona anapiga jembe hewani. Kisha akakaa kwenye tuta, miguu ndani ya maji. Walipomwita alijibu maneno yasiyoeleweka. Jasho lilikuwa linamtiririka ingawa mawingu yalikuwa yamelifunika jua, na mikono ilikuwa inatetemeka. Mmoja akasema mzee kalewa. Mwingine akasema mzee huyu hajagusa pombe kwa miaka.

Yule kibarua aliyeuliza bei ya mia nane alikuwa na chupa ya soda aliyoibeba anywe na andazi. Akamshika baba kichwa, akamnywesha taratibu, funda kwa funda. Baadaye alipoulizwa alijuaje, alisema hakujua chochote. Aliona mtu ameishiwa nguvu, na dada aliandika ubaoni kwamba soda ina nguvu mia moja na arobaini.

Nani kampunguzia mzee chakula?

Walimleta kwa bodaboda mpaka zahanati, amewekwa katikati ya watu wawili. Mama alifunga banda sufuria likiwa motoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Binti alikimbia na ndara moja mguuni.

Muuguzi alimchoma baba kidole. Kipimo kikasoma 3.4, na hiyo ni baada ya soda. Chini ya nne, alieleza, sukari imeshuka kupita kiasi, na ikiendelea kushuka mtu anaweza kupoteza fahamu, hata maisha. Akampa maji yenye sukari, kisha akamwambia mama atafute uji au chakula chochote chenye wanga. Baada ya muda baba alifungua macho vizuri, akatazama dari, akasalimia watu kana kwamba ndiyo kwanza wanafika.

"Nani kampunguzia mzee chakula?" muuguzi aliuliza.

Kimya kilikuwa kirefu. Mama alitazama sakafu.

"Ni mimi," binti alisema.

Muuguzi hakumgombeza. Alimwambia, "Kaa hapa, mdogo wangu," akamsogezea benchi, akaomba kuona vidonge. Vilikuwa aina mbili. Akaonyesha kimoja. Hiki, alisema, kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na insulini kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu. Ukikimeza halafu hujala, au umekula mboga na yai tu, insulini inafika haikuti kitu cha kushughulikia, inaendelea kuteremsha ile kidogo iliyopo. Juu ya hapo mzee amekwenda kulima, na jembe nalo linakula sukari. Vitu viwili vinashusha, hakuna kinachopandisha.

"Lakini nilisoma kalori elfu mbili kwa siku," binti alisema, "na mgonjwa wa sukari apunguze."

"Elfu mbili ya nani? Umewahi kwenda naye shamba tangu urudi?"

Hakuwahi.

Muuguzi akamwomba atazame suruali ya baba yake. Mtu mnene mwenye kisukari huambiwa apunguze uzito. Huyu anapungua mwenyewe, na hilo ni jambo la kumwambia daktari wa kliniki, si la kuongezea kasi. Alichotakiwa baba ni mpangilio kuliko njaa. Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe ugali, wa dona kama upo, na siku ya kazi nzito robo hiyo iongezwe. Robo iliyobaki iwe maharage, dagaa au samaki. Ale kwa saa zake, na asimeze dawa bila kula. Aende shamba na muhogo mfukoni, na sukari kidogo kwenye karatasi kwa ajili ya siku kama ya leo. Soda isiwe kinywaji chake cha kila siku, ila leo soda ilikuwa dawa. Na arudi kliniki wiki hiyo hiyo vidonge vitazamwe upya.

Binti aliandika yote kwenye lile daftari, ukurasa ulio mbele ya jumla ya 1,150. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wa baba.

Sahani moja, watu wawili

Kwa kuwa walikuwa wameshafika, mama alitoa kwenye pochi kadi ya kliniki ya mjukuu, mtoto wa kaka mkubwa, mwenye miaka miwili na nusu. Mama wa mtoto alikuwa shambani na mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi. Muuguzi alifungua kadi, akafuata mstari kwa ncha ya kalamu. Mstari ulipanda vizuri mpaka mwezi wa tisa, kisha ukalala.

"Huyu anakula nini?"

"Uji. Na anachokula babu yake."

Na babu yake, kwa siku tano, alikuwa anakula kidogo.

Hapo ndipo binti alipoinamisha kichwa. Mtoto yule alikuwa anakaa na babu, anamegewa ugali kwenye sahani ya babu, kama watoto wengi wanavyomegewa. Alipokata sahani moja, alikuwa amekata mbili. Katika nyumba moja, kwenye mkeka mmoja, kulikuwa na mtu ambaye ugali mwingi unamdhuru na mtu ambaye ugali mkavu usio na kitu unamdumaza. Namba ile ile ya 900 kwa mmoja ni ya kuangalia kwa uangalifu, kwa mwingine ni ya kutamani.

Nyumba hiyo haiko peke yake. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sheria za kalori kwenye orodha za vyakula zilitungwa kwenye nchi ambazo hofu kubwa ya mezani ni kuzidisha. Huku Kilosa, kwenye bonde linalolisha watu mpunga na mahindi, hofu ya kuzidisha na hofu ya kupungukiwa zimekaa benchi moja, na mara nyingi zinaitana babu na mjukuu.

Muuguzi alielekeza uji wa mtoto uwe mzito, usiwe maji yenye rangi. Uwekewe karanga zilizosagwa, au kijiko cha chai cha mafuta, ambacho peke yake kina kalori kama 40. Apewe yai akiwa nalo nafasi, matunda ya msimu, maharage yaliyopondwa. Na awe na sahani yake mwenyewe, ili mtu aone anakula kiasi gani.

"Yake mwenyewe," mama alirudia, kama anayehesabu sahani ngapi zimebaki kabatini.

Ubao mpya

Jioni ile binti alitaka kuufuta ubao wote. Mama ndiye aliyemzuia. Alisema namba haina kosa. Kosa ni kuiachia ijisemee yenyewe.

Wakakaa usiku na taa, mama na binti, wakaupanga upya. Safu ya tatu iliondoka. Mahali pake pakaja vitu ambavyo mteja anaweza kuvifanyia kazi. Wali nusu sahani, kwa bei ya nusu kasoro kidogo, maana kabla ya hapo mtu aliyetaka nusu alilipa nzima na kuona haya kubakiza. Mboga za majani kwa kila sahani bila kuongeza pesa. Ugali wa dona kwa anayetaka. Chai bila sukari, sukari ikiwa kwenye bakuli mezani na kijiko kidogo, tofauti na zamani ilipokuwa inakorogwa kwenye chupa kabla mteja hajafika. Chini kabisa mama aliandika kwa mwandiko wake mwenyewe: Mwenye sukari au presha, sema.

Wiki ya kwanza walisema watu wanne. Mmoja alikuwa mteja wa miaka sita ambaye mama hakujua kamwe kuwa anameza dawa. Alikuwa anakula wali nyama kila siku ya gulio, anafuta mdomo, anaondoka.

Daftari la hesabu limebaki kwenye droo ya pesa. Atakayeuliza kalori anafunguliwa ukurasa. Uingereza, mteja asiyetaka kuziona namba anaruhusiwa kupewa orodha isiyo nazo, mwenye mgahawa akipenda. Pale bandani ni kinyume chake: anayezitaka anaziomba, na anapoziomba anapewa pamoja na mtu wa kuzungumza naye. Siku mbili baadaye dereva wa lori aliyekuwa njiani kwenda Mikumi alikaa nusu saa na binti wakijumlisha chapati zake za wiki nzima. Aliondoka amenyamaza kidogo, na amenunua tikitimaji.

Vibarua bado wanauliza chakula gani kina nguvu. Wanaambiwa ugali maharage na mboga, halafu wanaongezwa maharage. Yule wa soda hakutozwa chakula kwa wiki nzima. Siku ya nane alikataa, akasema asizoeshwe.

Baba alirudishwa kliniki na vidonge vyake vikarekebishwa. Kamba ya suruali bado ipo, lakini haijakazwa zaidi. Jambo la tofauti ni kwamba siku hizi asubuhi huanzia bandani, si nyumbani. Hufika kabla ya wateja, mjukuu akiwa amemshika kidole, wanakaa benchi la mwisho. Mtoto ana sahani yake ya bluu. Binti hachukui tena simu. Husimama mbele ya baba yake, upawa ukiwa bado kwenye sufuria, na kumuuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza siku ya kwanza aliporudi.

"Shikamoo, Baba. Leo unakwenda shamba, au unashinda nyumbani?"

Mama, kwenye jiko la pili, husubiri jibu ndipo naye apakue.